Tone la Hadena

Jumapili, 2 Juni

Leo nimemimina. Kete ishirini na nne za drafti. Kumi na mbili laini, kumi na mbili zenye kichwa cha msumari kilichochomoza katikati, ili Baba azitambue kwa kidole. Kalibu ni zile zangu za mpira ninazotengenezea vishikizo vya funguo. Maua makavu ninayotia ndani yake yatasubiri. Nimepima kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu: rezini ya chupa A mafungu mawili, hadena, dawa ya kuikaza, ya chupa B fungu moja. Miaka kumi na minne natoa dawa dirishani, sishindwi na chupa mbili.

Baba hajui. Yuko sebuleni kwenye kiti chake, redio inaongea, yeye haisikilizi. Huu mwezi wa saba tangu presha ya macho imalize jicho la pili. Mtu aliyepiga rangi magari ya nusu ya mji huu, leo haendi msalani bila kushikwa mkono. Si kwamba hawezi. Hataki. Ukimuuliza anataka nini, anasema, "Nifanyieni mnavyotaka." Kinyozi, rafiki yake wa drafti wa miaka ishirini, anakuja kila Jumamosi kumwamkia, na kila Jumamosi Baba anajifanya amelala. Anakoroma vibaya, hata mtoto asingedanganyika.

Kaka amepiga simu. Jumapili ya tarehe 23 anakuja kumchukua akaishi kwake. Ana chumba cha chini, mke wake anashinda nyumbani, na mimi nusu siku niko kazini. Kasema kwangu Baba anakaa tu kama gunia. Nimeudhika kwa sababu ni kweli. Lakini huku Baba anajua kila ukuta, aliupaka mwenyewe. Kule atakuwa mgeni hata wa kitasa cha mlango. Nikamuuliza Kaka: na akiinuka mwenyewe kabla ya tarehe hiyo? Akasema, "Akiinuka, tutazungumza."

Wiki tatu. Sijui kwa nini niliropoka.

Jumatatu, 3 Juni

Zinanata. Zote! Maelekezo yanasema saa ishirini na nne, zimepata ishirini na sita. Nimebonyeza moja kwa ukucha, ukucha ukazama, halafu shimo likajaa taratibu kama kwenye unga wa mkate uliokandwa. Labda ni baridi. Mvua imenyesha siku mbili mfululizo, na stoo iko chini, ngazi tatu kutoka kwenye korido, haijui jua. Nimeziacha hapo hapo.

Jumanne, 4 Juni

Zinanata.

Jumatano, 5 Juni

Nimeleta kete moja sebuleni niitazame kwenye mwanga wa dirisha. Simu ikaita, nikaiacha kete juu ya kimeza. Kurudi—Baba kaishika. Anaiviringisha baina ya kidole gumba na cha pili, kichwa kakiinamisha.

"Hii haijaiva," akasema.

Nikasema najua, Baba.

"Umeweka hadena kiasi gani?"

Nilikaa sakafuni hapo hapo nilipokuwa. Tangu Ijumaa hajaniambia neno zaidi ya ndiyo na hapana. Nikamweleza: mbili kwa moja. Akacheka kwa pua. Miaka arobaini, kasema, alichanganya hadena na puti ya kuzibia mabonde ya magari kwenye kipande cha bati. Ikigoma, unaongeza tone. Kukiwa na baridi, tone. Mteja ana haraka ya harusi, matone mawili. Nikasema hii ni epoksi, siyo puti ya magari, haipendi kuongezewa. Kasema dawa ni dawa, mama.

Halafu akauliza ni za nini. Nikamdanganya: vishikizo vya funguo. Akagusa msumari katikati, akatikisa kichwa kumsikitikia mteja wangu, akanirudishia. Baada ya hapo kimya hadi jioni. Lakini aliuliza. Aliuliza!

Ijumaa, 7 Juni

Aibu yangu leo siwezi kumsimulia mtu, ndiyo maana naiandika.

Nimepita duka la rangi na kete mkononi, nimeifunga kwenye karatasi. Muuza rangi, yule mama mfupi wa miwani ya kamba, kaibonyeza akaniuliza nimepima vipi. Nikajibu kwa majivuno: kwa mizani, hadi nusu gramu. Akachukua chupa kwenye rafu, akaweka kidole kwenye maandishi ya nyuma. Mbili kwa moja kwa ujazo. Siyo kwa uzito. Hadena ni nyepesi kuliko rezini, kwa hiyo gramu hamsini zake zinajaza nafasi kubwa zaidi. Nimekuwa nikiizidisha na kujisifu juu yake.

Mimi! Mimi ninayewaambia wagonjwa kutwa nzima, kijiko cha chai siyo kijiko cha chakula, soma karatasi kabla hujanywa. Kweli mganga hajigangi. Muuza rangi alikuwa na huruma, alisema waokaji na watu wa maabara wote wanakosea hivyo hivyo, kwa sababu wamezoea kuiamini mizani. Wasiojua kitu huwa wanachukua kikombe tu na wanapatia.

Nimerudi nyumbani nikicheka njiani. Mzigo umeshuka. Kosa likishakuwa na jina linalala.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemimina upya, sasa kwa mabomba ya sindano yasiyo na sindano, mstari kwa mstari. Nimekoroga dakika tatu kwa saa ya simu.

Kinyozi kaja saa nne kama kawaida, na kofia yake mkononi. Baba akaanza kukoroma. Kinyozi akasimama mlangoni, akanikonyeza, akasema kwa sauti kubwa kwamba ameanza kucheza drafti na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, na kwamba fundi viatu ni mwepesi wa akili kuliko watu fulani. Kukoroma kulisimama. Kisha kukaendelea, kwa nguvu zaidi.

Nilimsindikiza hadi nje. Akaniambia anamkumbuka sana Baba. Mtu mzima, masharubu meupe, anasema hivyo akiangalia viatu vyake. Nikamwambia kuhusu kete, akaapa hatasema.

Jumapili, 9 Juni

Kumi na tisa ngumu! Ngumu kabisa, zinalia zikigongana. Tano zinanata.

Sikuelewa. Mchanganyiko ule ule, kikombe kile kile. Nikazipeleka zote kwa Baba kwenye sinia bila kusema neno, nikamwambia anisaidie kutenga mbovu. Alitenga kwa muda mfupi kuliko mimi. Nyingine niliyoiona safi, yeye kaipitisha kwenye mdomo wa chini, akaiweka upande wa mbovu. Kweli ilikuwa na kidoa laini pembeni. Kwa hiyo kumi na nane na sita.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema, "lakini wewe, mama, inabidi uambiwe."

Ni mzaha wake wa kwanza juu ya macho yake. Sikujua nicheke au nilie, nikacheka.

Nikatazama kalibu: mbovu zote ni zile za mwisho kumiminwa. Nilipofika mwisho nilikomba kikombe. Nililelewa kukomba—sufuria, sahani, chupa ya mafuta. Na kwenye kuta za kikombe ndiko kunakobaki rezini ambayo mwiko haukuifikia, haijakutana na hadena. Nimeikomba yote nikaimwagia kete sita. Kumbe kuna kazi ambazo uchoyo wa jikoni unaziharibu. Kuanzia sasa nahamishia kwenye kikombe cha pili, nakoroga tena, na sikombi hata kama roho inauma.

Bado kete sita. Ziwe saba, moja ya akiba. Kazi ndogo.

Jumanne, 11 Juni

Nimemimina saba kabla ya kwenda zamu ya mchana. Vikombe viwili. Sikukomba. Iliniuma.

Jumatano, 12 Juni

Zinanata zote saba. Juu tu! Chini ngumu kama jiwe, juu kuna utando kama wa asali, tena na vishimo vidogo. Mapovu? Nimemuuliza muuza rangi kwa simu, anasema huenda ni unyevu, niziwekee taa ya kupasha. Nimeweka taa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemimina nyingine saa tano, taa juu yake, nimeenda kazini. Jioni, taa imeshazikaza chini, lakini juu zile zile. Utando, vishimo. Wiki imeisha na kete sita zimenishinda. Zile kumi na nane zilivuka mvua bila taa, hizi zina taa zinagoma. Nilipiga teke ndoo. Baba sebuleni akauliza kuna nini, nikasema ndoo imeanguka. Akasema, kwa upole ambao siku nyingine ungenifurahisha, "Labda unabania hadena."

Nilimjibu vibaya. Nilisema, Baba, nimepima, nimepima, nimepima. Akaiongeza redio sauti. Nalala na uchungu wake, na leo zimebaki siku kumi.

Ijumaa, 14 Juni

Lazima niandike polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi mvua imekatika, jua likaingia kwa mlango wa nyuma likalala ubavuni mwa ukuta wa korido. Nikaona madoa. Kwenye ukuta mweupe, usawa wa kiuno, madoa manne manne, yameshika vumbi na nyuzi za sweta ya kijani. Nikadhani ni uchafu wangu. Nikapangusa kwa kitambaa, kikanata.

Nikayafuata. Yanaanza kwenye fremu ya mlango wa stoo. Yanapanda ngazi tatu. Yanapita korido yote, yanakata kona, yanafika nyuma ya kiti cha Baba. Sweta ya kijani ni yake.

Nikarudi stoo nikachukua kete moja ya jana nikaitazama chini ya taa. Vile vishimo siyo mapovu. Ni kidole gumba, na mistari yake yote, na katikati ule mstari ulionyooka wa kovu la alipokatwa na bati la gari nikiwa darasa la tatu. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikienda kazini, yeye anashuka, anapapasa kalibu, na kila kete anaitilia tone la hadena. Anarudi kwenye kiti. Nikifika namkuta kakaa vile vile, redio inaongea.

Nilikaa kwenye ngazi ya katikati na kete ile mkononi. Ningekasirika, haki ningekuwa nayo. Lakini Baba anatembea. Miezi saba namshika mkono hadi msalani, na huku akiwa peke yake anashuka ngazi, anafungua mlango wa stoo, anaijua chupa B kwa kipenyo cha kifuniko chake, anarudi bila kugonga hata kiti. Nililia pale, nikacheka, nikapangusa uso kwa kitambaa kile kile chenye rezini. Sasa nyusi moja inanata.

Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefanya jambo la kijinga na silijutii.

Nimemimina kete mbili, nikijua zitaharibika. Nikaaga kwa sauti, nikafunga mlango wa mbele, nikazunguka nyuma, nikasimama nje ya dirisha la jikoni ambako korido yote inaonekana. Nilisimama kama mwizi, mwavuli mkononi, jirani akanisalimia na nikamjibu kwa kichwa.

Dakika kumi hakuna kitu. Kisha redio ikazimwa. Nilisikia kiti kikilia. Baba akatokea kwenye kona, wima, kanyooka kuliko ninavyomjua, mgongo wa mkono wa kushoto ukiteleza ukutani. Haharakishi. Alipofika ngazi alisimama, akavuta suruali juu kidogo kwenye magoti, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuingia chini ya gari. Akashuka. Mdomo ulikuwa unahesabu.

Alikaa stoo kama robo saa. Nilimsikia anapiga mluzi! Baba, mluzi!

Alipotoka alikuwa amenyanyua vidole visishike kitu, lakini kwenye kona akasahau akashika ukuta. Nikaona doa jipya likizaliwa mbele ya macho yangu. Nimeingia kazini nimechelewa nusu saa, mwenzangu wa dirishani kaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia kubwa kuliko hiyo.

Jumapili, 16 Juni

Nilikusudia kumwambia kwa utaratibu. Haikuwa hivyo. Asubuhi anakunywa chai nikaona ngozi ya vidole imekuwa nyekundu, inababuka. Hadena hiyo! Mtu haishiki kwa mkono mtupu. Nikamshika kiganja nikapaza sauti: Baba, utaungua, kwa nini hujavaa glovu?

Akakichomoa kiganja. "Nani kakwambia nimeshika nini?"

Nikamwambia umeandika ukuta mzima.

Alikasirika. Kweli kweli, sauti yake ya gereji, ile iliyokuwa ikivuka mashine ya kupulizia rangi. Kwamba mimi nabania hadena kama nabania sukari ya wageni. Kwamba amenisikia nikihangaika tangu siku ya kwanza hadi kupiga ndoo teke, na je, akae tu asikilize mwanawe anashindwa na dawa ambayo yeye ameichanganya kabla sijazaliwa? Kwamba yeye hajafa, amepofuka. Nami nikapaza yangu. Kwamba yeye ndiye aliyeniharibia kete kumi na sita. Kwamba ile ya magari hadena ni ya kuichokoza tu rezini, ukizidisha inaharakisha. Hii ni tofauti, kila chembe ya A inamtafuta mwenzake wa B, na hadena ikizidi inabaki haina mwenzake, inazurura ndani humo, ndiyo huo unato.

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, taya linazunguka.

"Kwa hiyo hii ni ndoa," akasema. "Ile yetu ilikuwa kuwasha moto."

Nikasema ndiyo, Baba, hiyo hiyo.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Tumegombana! Miezi saba tunasemezana kama watu kwenye chumba cha mgonjwa, na leo tumegombana hadi chai ikapoa. Sijawahi kufurahia ugomvi hivi. Nimemwosha vidole kwa sabuni, nikampaka mafuta, na wakati namwosha akauliza, kwa sauti ya chini, zile kete ni za drafti, sivyo? Kasema alijua tangu siku ya sinia. Kishikizo gani cha funguo kinakuwa ishirini na nne.

Jumatatu, 17 Juni

Tumemimina pamoja. Mimi napima, yeye anakoroga, kavaa glovu zangu za kazini ambazo zinambana. Nilitaka kumwekea saa, akakataa. Anasikiliza kijiti kwenye ukuta wa kikombe. Kasema mwanzoni kinavuta, halafu kinateleza, na katikati kuna kipande ambacho mtu asiyekuwa na subira anadhani kimekwisha. Nilihesabu kwa siri. Dakika tatu na nusu.

Alikomba kikombe? La. Aliniachia na kusema, "Kikombe kina haki yake."

Jumanne, 18 Juni

Saba kwa saba. Ngumu. Baba kagonga kila moja kwenye jino la mbele, akasikiliza. Nimeshusha pumzi ambayo nadhani niliivuta mwanzoni mwa mwezi.

Alhamisi, 20 Juni

Kaka amepiga. Chumba kiko tayari, ameweka vishikio msalani. Ni mtu mwema, nisisahau kuandika hivyo. Nikamwambia Baba ameinuka. Akauliza, ameinuka vipi, amekwenda wapi? Nikasema, stoo. Akasema, "Stoo tu?" Kwenye simu, stoo haionekani kuwa mbali.

Nikampa Baba aongee naye. Alisema "ndiyo, baba," "sawa, baba," kisha akanirudishia. Nikamuuliza unataka kwenda? Akasema, "Nyinyi mnajua." Ile ile ya zamani. Roho ikanyong'onyea. Kumbe kutembea ni jambo moja, kusema nataka ni jingine.

Jumamosi, 22 Juni

Kinyozi kaja. Baba hakukoroma. Alikuwa kwenye meza ya kulia, ubao umewekwa, fundi seremala alinichimbia vijishimo kwenye kila mraba wake ili kete zisihame. Kinyozi akasimama mlangoni na kofia yake, akiizungusha mkononi.

"Kaa," Baba akamwambia. "Na usinipumulie."

Mchezo wa kwanza Kinyozi alimwachia kete wazi makusudi. Baba akazipapasa, akazipapasa tena, akarudisha mikono mapajani. Akasema kama Kinyozi amekuja kutoa sadaka, msikiti na kanisa viko njia ya sokoni. Kinyozi akaona haya. Mchezo wa pili alimla Baba bila huruma, kete tisa. Baba alifurahi mno. Wa tatu hawakumaliza, walibishana nani alikuwa na kingi, na mwenye macho ndiye aliyekosea.

Wakati wa kuondoka Kinyozi kauliza kama tunaweza kumtengenezea seti ya pale kwenye kiti cha kusubiria, wateja wake wanagombania vizibo vya soda wanavyochezea. Nilifungua mdomo kusema tutaona, maana kesho ni kesho. Baba akanitangulia. Akauliza anataka rangi gani.

Jumapili, 23 Juni

Naandika jikoni, mchana, mlango wa korido uko wazi.

Kaka alifika saa tatu na nusu. Kavaa shati jeupe la safari, mkononi begi kubwa tupu la nguo za Baba, kaliweka koridoni karibu na chumba cha Baba. Nikamwambia Baba yuko stoo. Akashtuka, umemwacha peke yake? Akaharakisha. Nikamfuata.

Baba alikuwa amesimama mezani, glovu mkononi, anakoroga. Nyeusi kumi na mbili za Kinyozi, nilimpimia kabla jua halijapanda. Kaka akasema, "Shikamoo, Baba, ni mimi."

"Marahaba. Funga mlango, vumbi."

Kaka akaufunga. Akasimama na mikono yake safi, hajui aiweke wapi. Akaanza kueleza kwamba angependa wawe barabarani kabla ya saa sita. Baba alikuwa anasikiliza kijiti. Akamwambia Kaka amshikie kalibu isisogee, huku pembeni, siyo huko. Kaka akashika. Baba akamimina kwa kupima kwa ncha ya kidole kwenye ukingo wa kila shimo, na sisi wote wawili tukaacha kupumua hadi la kumi na mbili.

"Hizi mpaka kesho saa hizi," Baba akasema. "Zisiguswe."

Kaka akanitazama. Nikatazama kalibu.

Sasa tumekunywa chai, Kaka na mimi, hapa mezani. Tumezungumza kama alivyoahidi, yaani yeye ameuliza na mimi nimejibu. Nani anampikia mchana? Anajipakulia. Akianguka? Hajaanguka. Na akianguka? Hilo sina jibu, nikamwambia sina. Akasema hata yeye kwake hana. Ana shati jeupe lenye doa jeusi kwenye kifungo cha mkono na halijui bado. Mke wake amepiga mara mbili kuuliza wanaondoka saa ngapi, mara ya pili hakupokea.

Baba ametoka stoo. Nimemsikia akipanda. Kaka akanyanyuka nusu kwenye kiti, nikamwekea mkono kwenye bega, akakaa. Tukawa tunasikiliza mkono ukiteleza ukutani, polepole, hatua zake, unakuja, unakuja—halafu kishindo kizito cha mguu kwenye kitambaa. Begi.

 Kisha tumesikia likisukumwa kwa mguu hadi ukutani.

"Nani kaweka kitu njiani kwangu?"

 Kaka ananiangalia. Mimi naandika, sijainua kichwa.